Wageni wameondoka, nyumba imetulia: maswali na majibu kuhusu utulivu na afya yako

Naandika haya nikiwa sebuleni, wageni wangu wameondoka jana jioni baada ya siku tisa, tulikuwa watu kumi na moja kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na leo naisikia saa ya ukutani ambayo nilishasahau kama huwa inatoa sauti. Raha niliyonayo ni kubwa sana. Najua wengi mnaipata hii raha afu mnajilaumu, kwahiyo nimekusanya maswali ambayo watu huniuliza kila baada ya likizo na shughuli za kifamilia.

Swali: Nawapenda sana ndugu zangu ila wakiondoka nahisi kama nimetua mzigo kichwani. Ndo nina roho mbaya?

Hapana jamani, hata kidogo. Unaweza kumpenda mtu na ukachoka naye, vyote kwa siku moja. Hebu fikiria kazi ambayo ubongo wako umefanya hizo siku zote, unafuatilia maongezi matatu kwa mpigo, unakumbuka nani hali nini na nani analala wapi, mtoto wa nani kasogelea jiko, taulo zinatosha ama hazitoshi, na uso wako muda wote unatakiwa uwe na bashasha hata kama umelala masaa manne tu. Muda wote huo mwili unakuwa macho, adrenalini na kotisoli, zile homoni za msongo, zinafanya kazi yake, moyo unadunda kasi kidogo kuliko kawaida, mabega na taya vimekaza na wewe wala hujui. Mlango ukifungwa nyuma ya mgeni wa mwisho, upande wa pili wa mfumo wa fahamu, ule wa kutulia na kusaga chakula, unashika zamu, na ile pumzi ndefu inayokutoka bila kupanga ndo ishara yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mi naamini mwenyeji hupona kweli, ila na yeye lazima apate pa kulala.

Swali: Lakini zilikuwa kelele za furaha, watu wanacheka tu. Nazo zinachosha?

Zinachosha ndiyo. Maongezi ya kawaida ya watu wawili yanafika kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kunong'ona ni kama 30 hivi. Watu wakijaa chumba kimoja kila mtu anapaza sauti ili asikike, mwenzake naye anapaza zaidi, na bila mtu kukusudia sebule nzima inapanda. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hili mwaka 1911 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kwa masikio yenyewe usiogope sana, maana kiwango kinachohesabiwa hatari kwa usikivu ni kuanzia desibeli 85 kwa masaa 8 kwa siku, na familia ikipiga stori kwa kawaida haifiki huko muda wote huo. Tatizo kubwa liko usiku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza kelele mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, sasa linganisha na usiku ambao kuna watu wanaongea sebuleni mpaka saa nane, mlango wa choo unafunguliwa kila saa, mtoto analia chumba cha jirani. Hata usipoamka kabisa usingizi wako unakatikakatika, na ukiamka asubuhi unajiona kama hujalala.

Swali: Kimya kina faida ya kweli mwilini au ni hisia tu?

Ipo ya kupimika. Mwaka 2006 mtafiti Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Heart, walichukua vijana 24, nusu wanamuziki nusu sio, wakawasikilizisha miziki ya aina mbalimbali huku wanawapima presha, mapigo ya moyo na upumuaji. Katikati ya muziki wakaingiza kimya cha dakika 2. Kwenye kile kimya vipimo vilishuka mpaka chini ya vilivyokuwa kabla muziki haujaanza. Ni utafiti mdogo na sisemi kimya kinatibu presha (dawa zako endelea nazo kama ulivyoandikiwa), ila napenda sana hilo jambo, kwamba kimya kinachokuja baada ya sauti kinatuliza kuliko kukaa tu. Mwenye nyumba aliyetoka kuaga wageni yuko hapo hapo.

Swali: Mbona siku ya kwanza ya utulivu ndo nimeumwa kichwa balaa?

Hili linawapata wengi, hasa wenye kipandauso. Mwaka 2014 kuna utafiti kwenye jarida la Neurology uliofuatilia watu wachache wenye kipandauso kwa shajara za kila siku, ukaona kwamba ndani ya masaa 6 ya kwanza baada ya stresi kushuka uwezekano wa kipandauso kuanza ulikuwa karibu mara tano. Yani mwili ulikuwa umeshikilia, ulipoachia ghafla kichwa kikalipuka. Ongeza na maji uliyosahau kunywa na deni la usingizi. Na kahawa, kama ulikuwa unakunywa vikombe vinne kwa siku ili usimame afu leo hujagusa hata kimoja, hiyo peke yake inatosha kuleta maumivu, bora upunguze taratibu. Usiruke ukalala mpaka saa sita mchana, amka karibu na muda wako wa siku zote na kula kwa wakati.

Ila kichwa kikija ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuuona, au kikiambatana na homa na shingo kukakamaa, upande mmoja wa mwili kulegea, kuongea au kuona kwa shida, hapo usipumzike nyumbani, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Swali: Na mafua ya kila mara wageni wakiondoka?

Mmekaa wengi pamoja, mmeambukizana. Mafua ya kawaida hujitokeza siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa, homa ya mafua makali 1 hadi 4, ndo maana yanakukuta wenzako wameshafika kwao. Fungua madirisha, nawa mikono, fua mashuka.

Swali: Nyumba ikitulia nasikia mlio masikioni, niogope?

Mara nyingi hapana. Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri kwenye chumba kisichoingiza sauti, asilimia 94 wakasikia mlio wa aina fulani. Kimya kinafunua kilichokuwa kimefunikwa. Kamuone daktari kama mlio uko sikio moja tu, unadunda pamoja na mapigo ya moyo, au una kizunguzungu na usikivu umepungua.

Swali: Nifanyeje ili huu utulivu nisiupoteze?

Kosa kubwa ninaloliona, na mimi nimelifanya miaka mingi, ni kuanza usafi mkubwa saa ile ile gari la wageni linapoondoka. Sukuma mashuka kwenye kapu, osha vyombo vinavyonuka, vingine acha mpaka kesho. Kaa. Mtu mzima anahitaji usingizi wa masaa 7 au zaidi kwa usiku, na ulioukosa hautaurudisha wote kwa siku moja, kwahiyo lala mapema kidogo siku tatu nne mfululizo. Ukitaka kulala mchana iwe dakika 20 mpaka 30 na usivuke saa tisa alasiri. Kafeini, ile ya kwenye kahawa na chai inayokufanya usisinzie, nusu yake bado imo mwilini baada ya kama masaa matano, kikombe cha saa kumi na moja jioni utakikuta kitandani.

Kuna upumuaji wa taratibu ambao naupenda mno, vuta pumzi kwa sekunde 5, toa kwa sekunde 5, inakuwa pumzi 6 kwa dakika, fanya dakika tano tu umekaa dirishani. Na simu nayo iweke mbali, kwasababu grupu la familia litakuwa linatuma picha mia mbili za hizo siku na kila mlio wa simu unakurudisha sebule ile ile yenye watu kumi na moja. Picha utaziangalia kesho. Kama unaishi na mwenza au watoto ongea nao wazi, "naomba saa moja peke yangu, sijakasirika," hilo neno la pili ni muhimu sana maana watu wakiona umenyamaza wanadhani wamekukosea.

Swali: Mama yangu anaishi mwenyewe. Sisi tukiondoka yeye analia, hafurahii kimya hata kidogo.

Hapa natamani kila mtu asome vizuri. Kimya ulichokichagua ni pumziko, kimya ulichoachiwa ni upweke, na upweke unaumiza mwili kabisa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani ana upweke. Machozi ya siku mbili tatu baada ya kuagana ni kawaida. Ikivuka wiki mbili, huzuni karibu kila siku, chakula hakipandi, usingizi haupati, vitu alivyokuwa anavipenda havimvutii, au anasema maisha hayana maana, apelekwe kwa mtaalamu wa afya, na akigusia kujidhuru asiachwe peke yake na msaada utafutwe siku hiyo hiyo.

Msiondoke wote kwa siku moja kama inawezekana, mmoja abaki usiku mmoja zaidi. Na kabla hujatoka mwambie siku na saa utakayompigia, afu piga saa hiyo hiyo, hata kama ni dakika kumi tu za kumuuliza kalala vipi.