Kitufe cha "Lipa" Kisichokwenda Popote

Dhana inayowagharimu wenye biashara wengi Kampala ni kwamba ukishaonyeshwa ukurasa wa kwanza wa tovuti yako, wenye rangi zako, nembo yako na kitufe cha "Lipa", basi kazi imekwisha. Huenda unachokiona ni mchoro tu, uliochorwa kwenye Figma, programu ya kuchorea kurasa, na kitufe hicho ukikibonyeza hakiendi popote. Msanifu, yaani anayebuni mwonekano wa tovuti, hajakudanganya, kamaliza sehemu yake. Wa kukipa kitufe kazi ni mwanaprogramu, na pengine ndiyo kwanza anaanza.

Hebu tukitazame hicho kitufe. Mteja wa Mbarara ataandika namba yake ikianza na 07, wa Gulu ataanza na +256, mwingine ataacha nafasi katikati. Programu inapaswa kuzikubali zote, kuziweka katika umbo moja, kutuma ombi la malipo MTN MoMo au Airtel Money, kungoja mteja aweke PIN kwenye simu yake, kisha kupokea jibu kama pesa zimeingia. Mtandao ukikatika hapo katikati? Mteja akibonyeza mara mbili, atakatwa mara mbili? Hayo hayaonekani kwenye mchoro wowote, ndiyo maana wateja wakitajiwa bei huguna. Tena mazingira ya majaribio ya MTN MoMo hutumia yuro, si shilingi yetu. Mwanaprogramu asipokumbuka kubadilisha sarafu kabla ya kufungua duka, yatamkuta.

Wengine hukosea upande wa pili: msanifu wanamwona mtu wa kupaka rangi tu. Kumbe ndiye anayeamua mteja aone nini kwanza, na fomu iulize mambo matatu au kumi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu kinachopendeza ofisini hakisomeki kwa abiria aliye juu ya bodaboda saa saba mchana.

Na ile ya "WordPress ipo, mwanaprogramu wa nini?", kwa kuwa WordPress ni mfumo wa kujengea tovuti bila kuandika programu, ina ukweli ndani yake. Tovuti ya kanisa yenye ratiba za ibada na picha haimhitaji, na anayekulazimisha umlipe anakula pesa zako bure. Shule inayotaka wazazi walipe karo na kuona salio la kila mtoto, hiyo ni habari nyingine.

Wapo wanaozimudu kazi zote mbili, hasa kwa kuwa zinakutana kwenye HTML na CSS, lugha za kupangia kurasa za tovuti na kuzipa mwonekano, ila ni wachache kuliko wanaojitangaza. Anayejiita hivyo usimwombe picha za kazi zake. Mwombe anwani ya duka alilolijenga, ununue kitu cha shilingi 1,000 kwa simu yako mwenyewe, yeye akiwa amekaa hapo.