Bangi ilivyopigwa marufuku kwa mgongo wa kodi

Juni 1937, saa za jioni, muswada mmoja uliletwa mbele ya Baraza la Wawakilishi la Marekani. Bertrand Snell, kiongozi wa upande wa wachache, akauliza unahusu nini. Sam Rayburn, kiongozi wa upande wa wengi, akajibu kwamba hajui. Unahusu kitu kinachoitwa marihuana, na anavyoamini ni kilevi cha namna fulani. Baadaye mbunge mwingine akataka kujua kama Chama cha Madaktari cha Marekani kinauunga mkono. Mjumbe wa kamati iliyousikiliza akasema ndiyo.

Kazi yangu ni historia ya sheria za dawa za kulevya, na kumbukumbu za mijadala hiyo nimezisoma mara nyingi. Jibu la Rayburn huwashangaza watu. Mimi linaloniuma ni lile la pili, kwa sababu daktari aliyetumwa na chama hicho alikuja kuupinga muswada.

Aliitwa William C. Woodward, daktari ambaye pia alikuwa mwanasheria. Mei mwaka huo alikaa mbele ya kamati na kuuliza maswali mepesi kabisa. Inadaiwa magereza yamejaa wavuta bangi: mbona idara ya magereza haikuitwa kutoa hesabu? Inadaiwa watoto wa shule wanaharibika: mbona idara inayoshughulikia watoto haikuulizwa? Ushahidi uliokuwepo mezani, alisema, ni habari za magazeti. Akalalamika pia kwamba muswada uliandaliwa kwa siri miaka miwili bila madaktari kudokezwa. Wajumbe wakamgeuzia kibao: kama huna la kutusaidia, usituzuie.

Wafanyabiashara wa chakula cha ndege wa kufugwa, kwa upande wao, walisikilizwa. Walieleza kwamba mbegu za mmea huo ni chakula kizuri cha ndege, na sheria ikarekebishwa ili mbegu zilizouliwa uwezo wa kuota ziendelee kuuzwa.

Madaktari walichelewa kushtuka kwa sababu ya jina. Wao waliijua kanabisi, dawa iliyokuwa katika orodha rasmi ya dawa za Marekani tangu 1850 na kuuzwa madukani kama dawa ya maji kwenye chupa. Muswada ulitumia jina la mtaani kutoka Meksiko, marihuana, na wengi hawakutambua kwamba linalozungumzwa ni mmea uleule. Dawa hiyo iliondolewa kwenye orodha mwaka 1942.

Kwa nini kodi? Wakati ule wanasheria wa serikali waliamini Katiba haiiruhusu serikali kuu kupiga marufuku mmea moja kwa moja. Hayo yalikuwa mamlaka ya majimbo. Kutoza kodi ilikuwa ruhusa. Basi daktari aliyejiandikisha angelipa dola 1 kwa mwaka, lakini kumpa bangi mtu asiyejiandikisha kulitozwa dola 100 kwa kila wakia. Asiyelipa aliweza kufungwa miaka 5. Rais Roosevelt alitia saini tarehe 2 Agosti 1937, na sheria ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba.

Hofu yenyewe ilikuwa ya zamani zaidi. California ilikuwa na katazo tangu 1913, na miongoni mwa waliolisukuma kulikuwa na ofisa aliyewaogopa wahamiaji kutoka India. Kusini-magharibi bangi ilihusishwa na vibarua wa Kimeksiko, kwingineko na wanamuziki weusi. Ubaguzi huo umeandikwa wazi katika nyaraka, hauhitaji kukisiwa. Ila si sawa kusema Marekani ndiyo iliyobuni kila kitu: Meksiko yenyewe iliipiga marufuku mwaka 1920, na kule Geneva mwaka 1925, katika mkutano ulioitishwa kujadili kasumba (afyuni) na kokeini, ni mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, aliyeshinikiza hashishi, aina ya bangi, iingizwe kwenye mkataba.

Harry Anslinger, mkuu wa idara ya serikali kuu ya dawa za kulevya tangu 1930, mwanzoni hakulipa suala hili uzito. Baadaye akawa anakusanya visa vya kutisha. Alichokipenda zaidi ni cha kijana wa Tampa aliyeua familia yake kwa shoka mwaka 1933. Kijana huyo alikuwa mgonjwa wa akili, na polisi walijua hivyo kabla ya mauaji.

Husikia pia kwamba wenye viwanda vya karatasi na nailoni ndio waliopanga yote ili kuua katani ya bangi, yaani nyuzi za mmea huo, isishindane na bidhaa zao. Sijaona waraka unaothibitisha. Woga na ujinga vinatosha kueleza kilichotokea.

Na ujinga huo haukuwa wa lazima. Serikali ya Uingereza nchini India iliunda tume mwaka 1893; ilihoji mashahidi zaidi ya elfu moja, ikashauri bangi isimamiwe kwa leseni na kodi, isipigwe marufuku. Ripoti hiyo ilikuwepo miaka arobaini kabla ya Woodward kuomba ushahidi.

Mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliibatilisha kodi hiyo kwa kuwa ilimlazimisha mtu ajishtaki mwenyewe. Bunge likatunga sheria mpya mwaka 1970 na kuiweka bangi kwenye daraja la kwanza, lile la dawa zinazobanwa kuliko zote, pamoja na heroini, kwa maelezo kwamba ni kwa muda tu, hadi utafiti ukamilike. Tume iliyoongozwa na Raymond Shafer, gavana wa zamani wa Pennsylvania, ikakamilisha kazi yake mwaka 1972 na kushauri kuwa na bangi ya matumizi binafsi kusiwe kosa. Rais Nixon akaikataa, na miaka hamsini baadaye mmea ulikuwa ungali kwenye daraja lile la muda.