Mimea ya Majini na Oksijeni ya Bwawa Wakati wa Usiku
Wengi wanaofuga samaki kwenye bwawa la bustani huamini kwamba mimea inayoota chini ya maji huwapatia samaki oksijeni usiku na mchana, na kwamba kadiri inavyojazana ndivyo samaki wanavyokuwa salama zaidi. Imani hiyo ina msingi, kwani penye mwanga mimea hiyo hutoa oksijeni kweli, hata vipovu huonekana vikipanda kutoka kwenye majani. Giza linapoingia, hata hivyo, kazi hiyo husimama, ilhali mimea, samaki na bakteria huendelea kupumua. Ndiyo maana oksijeni hupungua zaidi karibu na mapambazuko, hasa wakati wa joto, kwa kuwa maji ya nyuzi 30 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 7.5 tu kwa lita, na ya nyuzi 10 hubeba zaidi ya 11.

Anayetaka kuhakikisha na apime oksijeni alasiri na tena alfajiri, au awatazame samaki kabla jua halijachomoza: wakitwetea juu ya maji midomo wazi, hewa imewapungukia. Mimea bado ina thamani kubwa, kwa sababu hufyonza naitreti ambazo zingestawisha mwani. Ceratophyllum demersum, aina mojawapo ya mimea hiyo isiyo na mizizi, hufungiwa jiwe dogo na kuzamishwa tu; ipunguzwe kabla haijaziba bwawa, na usiku pampu iachwe ikitibua uso wa maji.