Akifunga ni Wetu, Akikosa ni wa Kuja

Desemba 18, 2022 nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja cha Mwanga, hapa Kigoma, nikitazama fainali ya Kombe la Dunia. Mbappé wa Ufaransa aliposawazisha kwa mara ya pili, mabati yalitaka kung'oka. "Waafrika wenzetu hao!" Nusu saa haikupita, Coman na Tchouaméni wakakosa penalti, na yule yule aliyeshangilia kuliko wote akainuka akikung'uta kaptura: "Sasa Wafaransa wenyewe wako wapi hapo?"

Wote wawili wamezaliwa Ufaransa. Tena asili ya Coman ni Guadeloupe, visiwa ambavyo kisheria ni Ufaransa. Huko mitandaoni nako walikuwa wakimwagiwa matusi ya rangi.

Nafundisha sosholojia ya michezo, na vijana huniuliza siasa inaingilia wapi kwenye mpira. Huwa nawaonyesha picha mbili za Mesut Özil, mchezaji wa zamani wa Ujerumani, mzaliwa wa Gelsenkirchen, ambaye babu yake alihamia Ujerumani kutoka Uturuki kutafuta kazi.

Ya kwanza ilipigwa Berlin, Oktoba 2010. Ujerumani imeichapa Uturuki 3-0, Özil kafunga bao moja na hakushangilia. Mashabiki wa Kituruki walikuwa wamemzomea mechi nzima kama msaliti. Baada ya filimbi ya mwisho, Kansela Angela Merkel akaingia chumba cha kubadilishia nguo na kumpa mkono kijana aliyekuwa kifua wazi. Picha ile ikazunguka kama ushahidi kwamba wajukuu wa wahamiaji sasa ni Wajerumani kamili.

Ya pili ni ya London, Mei 2018. Safari hii Özil, na mwenzake Gündoğan kwa zamu yake, yuko na Rais Erdoğan wa Uturuki, ambaye mwezi uliofuata alikuwa anaingia kwenye uchaguzi. Ujerumani ikaenda Kombe la Dunia kule Urusi, ikatolewa hatua ya makundi, na ile picha ikawa jibu la kila swali. Julai 22 Özil akaachana na timu ya taifa aliyoichezea mechi 92 na kuchukua nayo Kombe la Dunia la 2014. Aliandika kwamba wakishinda yeye ni Mjerumani, wakifungwa ni mhamiaji.

Simfanyi malaika. Kupiga picha na mgombea wiki chache kabla ya kura ni kampeni, upende usipende, na mwaka 2025 aliingia kwenye uongozi wa chama cha Erdoğan. Lakini ile ya 2010 nayo ilikuwa siasa. Haikuleta vurugu kwa sababu iliwafaa wenye nyumba.

Hapo ndipo penye fundo. Utaifa unapenda mtu wa upande mmoja, na mchezaji huyu ana pande mbili. Kila upande unamtaka mzima, na kila upande humpima kwa mizani yake. Familia ya Granit Xhaka, Waalbania kutoka Kosovo iliyojitenga na Serbia, inalijua hili kuliko sisi. Baba yao alifungwa jela Yugoslavia kwa kuandamana, familia ikahamia Uswisi. Granit akachezea Uswisi, kaka yake Taulant akachagua Albania, wakakutana uwanjani kwenye Euro 2016. Mama yao alikaa jukwaani na fulana iliyoshonwa nusu Uswisi, nusu Albania. Miaka miwili baadaye Granit alipoifunga Serbia alishangilia kwa ishara ya tai wa Albania. FIFA ikampiga faini ya faranga 10,000 za Uswisi.

Msomaji wa Kigoma asidhani haya ni mambo ya Ulaya. Nimekaa pembeni mwa viwanja vya ndondo, nikamsikia winga akiitwa "fundi" kipindi cha kwanza, na akishapaisha mpira mmoja anaitwa "Mrundi". Kijana ni Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani, ukoo mmoja unaweza kuwa na mashamba pande zote mbili za mpaka, na mtu wa huku amezoea kuulizwa babu yake alizikwa wapi kila anapohitaji karatasi fulani. Saido Berahino alitoka Bujumbura akiwa na miaka 10, mkimbizi wa vita. Uingereza ilimlea kisoka, ikamwita kikosi cha wakubwa mwaka 2014 na haikumchezesha. Akarudi kuichezea Burundi, ikafika Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2019 kwa mara ya kwanza. Sijui kama pale ndondo wangemwita fundi au Mrundi.

Wiki iliyopita winga yule wa ndondo aliniuliza kama anaweza kuchezea Burundi, maana bibi yake alizaliwa kule. Kwa kanuni za FIFA, bibi anatosha kuwa kiungo cha damu, mradi mchezaji awe na uraia wa nchi hiyo. Ila sheria yetu ya uraia hairuhusu mtu mzima kubeba uraia wa nchi mbili: akichukua wa Burundi kwa hiari yake, wa Tanzania unaondoka.

Akanyamaza, akakaza kamba ya kiatu. "Mwalimu, kwa hiyo Jumapili nikikosa penalti niwajibu nini?" Nikamwambia apige chini, kulia kwa kipa.