Johnny Carson hakuanzisha The Tonight Show

Wengi wanaosimulia historia ya vichekesho vya usiku kwenye televisheni ya Marekani humtaja Johnny Carson kuwa ndiye mwanzilishi wa The Tonight Show. Sivyo. Steve Allen ndiye aliyekianzisha kipindi hicho katika kituo cha televisheni cha NBC mwaka 1954, akafuata Jack Paar mwaka 1957. Carson, aliyekulia Nebraska akifanya mazingaombwe tangu ujana wake, alikikuta tayari kina watazamaji alipokabidhiwa kukiendesha Oktoba 1962. Alichofanya, na kwangu hili ni zito kuliko kuanzisha, ni kukishikilia miaka 30, hadi Mei 1992. Mchekeshaji chipukizi akimaliza zamu yake, kisha Carson akamwita aketi kando yake, chipukizi huyo alijua milango ya kazi yake imefunguka. Mchekeshaji Ellen DeGeneres aliitwa hivyo mwaka 1986.