Orodha kunjuzi kwenye lahajedwali: dhana potofu na ukweli wake

Orodha kunjuzi, yaani orodha ya machaguo inayofunguka ukibofya mshale kando ya seli, humfanya anayejaza jedwali achague "Imelipwa" au "Haijalipwa" badala ya kuandika "limelipwa", "tayari" au "ndiyo" kila mtu kwa mtindo wake. Ni chombo cha thamani sana kwa yeyote anayekusanya data. Lakini wengi huitegemea kwa kazi isiyoiweza. Kanuni iliyo nyuma ya orodha hii hukagua tendo moja tu: mtu kuandika thamani ndani ya seli na kubonyeza Enter. Thamani ikiingia kwa njia nyingine, haikaguliwi, na dhana potofu nyingi zinaanzia hapo.

Maelezo haya ni ya Excel, isipokuwa pale tulipotaja programu nyingine. Ili kuunda orodha, chagua seli, fungua Data kisha Data Validation, chagua List kwenye Allow, halafu jaza Source.

Dhana: Seli ikishawekewa orodha, hakuna kingine kitakachoingia

Ukweli: kubandika hupita bila kuulizwa. Hili ndilo chanzo kikuu cha data chafu kwenye majedwali yanayoonekana kulindwa, kwa hiyo tulifafanue.

Ukinakili seli ya kawaida na kuibandika kwa Ctrl+V juu ya seli yenye orodha, mambo mawili hutokea pamoja: thamani mpya inaingia bila kukaguliwa, na kanuni yenyewe inafutwa. Mshale unatoweka, na tangu hapo seli inapokea chochote. Ukibandika maandishi kutoka programu nyingine, au ukitumia Paste Special na kuchagua Values, kanuni inabaki mahali pake, lakini thamani isiyomo kwenye orodha inaingia vilevile. Hali hii ya pili inadanganya zaidi, kwa sababu mshale upo na kila kitu kinaonekana sawa. Kuburuta kona ya seli ili kujaza zilizo chini, makro (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya Excel), na fomula inayotoa matokeo ndani ya seli, vyote navyo havizuiliwi. Kulinda laha kwa nywila hakutibu hili, kwa sababu seli za kujazwa lazima ziachwe wazi, na seli iliyo wazi inaweza kubandikwa.

Dawa ni kuwa na ukaguzi unaosimama nje ya seli zenyewe. Lipe jina eneo la seli zenye machaguo, tuseme Hali, kisha kwenye laha nyingine andika:

=SUMPRODUCT((B2:B500<>"")*(COUNTIF(Hali,B2:B500)=0))

ukitanguliza jina la laha ya data mbele ya B2:B500 katika sehemu zote mbili. Jibu ni idadi ya seli zenye thamani isiyomo kwenye orodha. Likiwa sifuri, data ni safi. Unaweza pia kuzipaka rangi seli hizo kwa Conditional Formatting, kwa kutumia =AND(B2<>"",COUNTIF(Hali,B2)=0), ila kumbuka kwamba rangi hizo nazo huvurugwa na kubandika. Fomula iliyo kwenye laha nyingine ni ya kutegemewa zaidi.

Kujua ni seli zipi zimepoteza kanuni, simama kwenye seli nzima, yaani ambayo bado ina kanuni, bonyeza Ctrl+G, bofya Special, chagua Data validation kisha Same. Excel itachagua seli zote zenye kanuni ileile, na zile zitakazoachwa ndizo zilizoharibika. Nakili seli nzima, chagua zilizoharibika, fungua Paste Special na uchague Validation: kanuni itarudi, na thamani zilizomo hazitaguswa.

Dhana: Mshale ukionekana, basi kosa litakataliwa

Fungua kichupo cha Error Alert kwenye dirisha la Data Validation uhakikishe. Stop peke yake ndiyo inayokataa. Warning humuuliza mtumiaji kama anataka kuendelea, na akijibu ndiyo, thamani inaingia. Information humfahamisha tu, akibofya OK imepita. Na ukiondoa tiki kwenye kisanduku cha kwanza cha kichupo hicho, hakuna onyo lolote. Mshale utabaki kama pambo. Kwenye Google Sheets chaguo hilo liko kwenye mipangilio ya ziada ya kanuni: kuonyesha onyo au kukataa. Ukitaka data safi, chagua kukataa.

Dhana: Kuweka kanuni juu ya data iliyopo kutafichua makosa ya zamani

Hakutafichua. Excel haiangalii nyuma. Bofya kishale kando ya Data Validation, kisha Circle Invalid Data, na seli zenye makosa zitazungushiwa duara jekundu. Maduara hayo hutoweka faili inapohifadhiwa, na hayazidi 255 kwa mara moja, kwa hiyo kwenye jedwali kubwa usidhani umeona yote. Google Sheets kwa upande wake huweka pembetatu ndogo nyekundu kwenye kona ya seli yenye thamani isiyokubalika.

Dhana: Kuondoa tiki kwenye Ignore blank kunalazimisha seli ijazwe

Kisanduku cha Ignore blank, kilicho kwenye dirisha la Data Validation, hakilazimishi hivyo. Mtumiaji anaweza kuiruka seli, au kufuta kilichomo kwa kitufe cha Delete, na Excel haitasema neno. Ukitaka kujua ni seli ngapi hazijajazwa, tumia COUNTBLANK.

Kisanduku hiki kina madhara mengine ambayo wachache wanayajua. Ikiwa chanzo cha orodha ni eneo lililopewa jina, na ndani yake mna hata seli moja tupu, tiki ya Ignore blank hufanya seli ikubali thamani yoyote ile. Watu huangukia hapa wanapotaja eneo refu kama A2:A100 "ili kuacha nafasi ya baadaye", huku machaguo yenyewe ni saba tu. Mlango unakuwa wazi kabisa na Error Alert imewekwa Stop. Ondoa tiki, au bora zaidi, usiache seli tupu kwenye chanzo.

Dhana: Kuandika machaguo ndani ya Source au kurejelea seli ni mamoja

Kuna tofauti tatu. Machaguo yaliyoandikwa moja kwa moja hayawezi kuzidi herufi 255, mikato na nafasi zikihesabiwa. Pia yanatofautisha herufi kubwa na ndogo: kama uliandika "Imelipwa", mtu akiandika "imelipwa" atakataliwa, lakini chanzo kikiwa eneo la seli, zote mbili zinakubaliwa. Tatu, kitenganishi hutegemea mipangilio ya kieneo ya kompyuta. Kwa baadhi ni mkato, kwa wengine nuktamkato, na ukikosea utaona machaguo yote yamekuwa mstari mmoja mrefu. Fomula tulizoandika hapa zinatumia mkato, kwa hiyo zibadilishe vivyo hivyo.

Kwa "Ndiyo" na "Hapana", andika moja kwa moja. Kwa orodha inayoweza kubadilika, tumia seli.

Dhana: Ukiongeza chaguo kwenye chanzo, orodha itaongezeka yenyewe

Inategemea. Ukiongeza chini kabisa ya A2:A8, kanuni haiioni A9. Ukiingiza mstari katikati, eneo linatanuka. Njia thabiti ni kuyageuza machaguo kuwa jedwali rasmi kwa Ctrl+T, kisha kulipa jina eneo la safu hiyo, mfano Hali ikiwa =Jedwali1[Hali] (Jedwali1 ni jina la jedwali, [Hali] ni kichwa cha safu), na kuandika =Hali kwenye Source. Ukiandika =Jedwali1[Hali] moja kwa moja ndani ya Source, Excel itakataa, ndiyo maana jina linahitajika.

Kubadilisha jina la chaguo ni jambo jingine. Ukigeuza "Imefutwa" kuwa "Imebatilishwa" kwenye chanzo, seli zilizokwisha kujazwa zitabaki na "Imefutwa". Tumia Ctrl+H kuzibadilisha, vinginevyo ripoti zako zitahesabu hali moja kana kwamba ni mbili tofauti.

Dhana: Chanzo lazima kiwe kwenye laha ileile

Hilo lilikuwa kweli hadi Excel 2007, na watu walizunguka kwa kutumia majina. Tangu Excel 2010 unaweza kurejelea laha nyingine moja kwa moja, hata iliyofichwa. Faili nyingine ni kikwazo hadi leo: lazima upitie jina, na faili hiyo lazima iwe imefunguliwa. Kwa kazi ya watu wengi, usijaribu.

Dhana: Orodha ya pili hujirekebisha ya kwanza ikibadilishwa

Kwa orodha zinazotegemeana, yaani ya kwanza (A2) ikiamua machaguo ya pili (B2), Source ya pili huwa kama =INDIRECT(SUBSTITUTE(A2," ","_")), ambapo kila chaguo la kwanza lina eneo lenye jina lake. SUBSTITUTE ipo kwa sababu jina la eneo haliruhusu nafasi. Excel ikionya kwamba chanzo kwa sasa kina hitilafu, ni kwa kuwa A2 bado ni tupu, endelea tu. Lakini ondoa tiki ya Ignore blank, maana fomula ikirejelea seli tupu huku tiki ipo, seli itakubali lolote.

Kinachojirekebisha ni machaguo yanayoonyeshwa, si thamani iliyokwisha kuchaguliwa. Mtu akibadilisha A2, B2 inabaki na jibu la kundi la zamani, na mistari ya namna hiyo ni migumu kuigundua kwa macho. Njia moja ya kuzuia bila makro ni kuweka Source ya A2 iwe =IF(B2="",Kundi,INDIRECT("Hakuna")), ambapo Kundi ni jina la eneo lenye machaguo ya A2, tena bila tiki ya Ignore blank, na kuhakikisha hakuna eneo lenye jina Hakuna. Excel itaikubali kwa urahisi ukiiweka B2 ikiwa tupu. Baada ya hapo, maadamu B2 imejazwa, mshale wa A2 hautafunguka. Mtumiaji atalazimika kufuta B2 kwanza.