Mtoto acheze na kina nani? Dhana potofu kuhusu ngazi za soka la watoto

Dhana: Anayewafunika wenzake ndiye mwenye kipaji, apandishwe haraka.

Kabla ya kumpandisha, tazama kwanza cheti chake cha kuzaliwa. Katika nchi nyingi soka la vijana hupanga watoto kwa mwaka, kuanzia Januari mosi hadi Desemba 31. Wa Januari na wa Desemba wanaingia kundi moja huku wamepishana karibu miezi 12. Kwa watoto wa miaka minane hilo ni pengo kubwa: mmoja ana miguu mirefu, pumzi zaidi, hata utulivu wa kumsikiliza kocha. Kocha anamwona huyo, anampa namba, anacheza mechi nyingi, na kweli anazidi kuwa mzuri. Mdogo anazoea benchi, kisha siku moja haji tena mazoezini.

Ubelgiji ilionyesha jambo hili waziwazi. Zamani mwaka wao wa soka la vijana ulianza Agosti mosi, na timu za vijana zilijaa watoto wa Agosti, Septemba na Oktoba. Mwaka 1997 wakahamia Januari mosi. Muda si mrefu, waliojazana kwenye timu wakawa wa Januari hadi Machi. Vipaji vya watoto wa Agosti havikuyeyuka. Kilichobadilika ni kalenda tu.

England mwaka wa soka la vijana huanza Septemba mosi. Harry Kane alizaliwa Julai 28, 1993, yaani mkiani mwa kundi lake. Arsenal walimwacha akiwa na miaka minane, baada ya msimu mmoja. Leo ndiye mfungaji bora wa wakati wote wa timu ya taifa ya England. Na mshambuliaji wetu wa Tanzania, Mbwana Samatta? Alizaliwa Desemba 23, 1992. Mwanao akiwa wa Novemba au Desemba, usikubali upesi neno la "hana kitu" kutoka kwa mtu aliyemtazama kwa dakika ishirini.

Aliyekomaa mapema naye ana hasara yake. Akishazoea kupita kwa kifua na mbio, hajifunzi kitu kingine. Klabu kadhaa za England zimejaribu kuwapanga watoto, kwa baadhi ya mashindano, kwa kiwango cha ukuaji wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa. Waliokuwa wakitumia nguvu wakalazimika kufikiri na kutoa pasi mapema, na wale wadogo wakaonekana kwa mara ya kwanza.

Dhana: Akicheza na wakubwa atakomaa.

Wengine hukomaa. Lakini simama pembeni ya uwanja uhesabu anagusa mpira mara ngapi. Mtoto wa miaka kumi kati ya wa miaka 13 mara nyingi anajifunza jambo moja tu: kuutoa mpira kabla hajakumbwa. Chenga zake zinakufa hapo.

Chandimu ya mtaani ni tofauti, na sioni sababu ya kuizuia. Kule wakubwa humpunguzia mdogo nguvu, hakuna sabu, na anacheza mpaka giza liingie. Kwenye ligi hakuna wa kumpunguzia nguvu.

Kuna pia suala la mifupa. Kati ya miaka kumi na 15, wakati mtoto anarefuka kwa kasi, maumivu chini kidogo ya goti ni jambo la kawaida kwa wanaokimbia na kuruka sana. Hayo si uvivu, na maumivu yasiyoisha yapelekwe kwa daktari. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri angalau siku moja ya mapumziko kila wiki. Anayechezea shule, akademi na timu ya mtaa kwa wakati mmoja huikosa siku hiyo.

Dhana: Kumpunguzia umri ni kumsaidia.

Ni kumfanya kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri wa kundi lake. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya chini ya miaka 17, waliondolewa kwenye fainali za Afrika kwa kuchezesha aliyezidi umri. Mwaka 2019, kwenye fainali zilizochezwa Dar es Salaam, Guinea walifika mpaka mechi ya mwisho, kisha wakapoteza tiketi ya Kombe la Dunia kwa kosa hilohilo. Na tangu mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, FIFA hupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Mfupa ukishaungana kabisa, ishara kwamba mchezaji amevuka umri huo, cheti hakisaidii.

Dhana: Bora benchi la akademi yenye jina kuliko namba kwenye timu ya mtaani.

Benchi halifundishi mpira. Norway, alikokulia Erling Haaland, kanuni za michezo ya watoto haziruhusu msimamo wa ligi kwa watoto wadogo, wala ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13. Kabla hujalipa ada na kununua jezi, muulize kocha: kila mtoto anacheza dakika ngapi? Akijibu "inategemea mechi", nenda katazame mechi mbili mwenyewe, bila kuaga.

Ikifika katikati ya msimu na mwanao bado anaingizwa dakika tano za mwisho, zungumza na kocha faragha, halafu na mtoto nyumbani. Akishuka kundi la chini, mwache amalize msimu huko akicheza dakika zote, ndipo mzungumze tena habari za kupanda.